Ngatia Mwai na Maziwa Yaliyochacha Mweiga

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Gakindu, na nyinyi mlioteremka kutoka Mweiga asubuhi na mapema, familia imempa Waweru Mwai, ndugu mdogo wa marehemu, kazi ya kusoma maisha ya kaka yake, na tumekubaliana yasomwe yote, hata pale ambapo ulimi utakuwa mzito.

Josphat Ngatia Mwai alizaliwa tarehe 14 Juni 1961 hapa hapa Gakindu, Mukurweini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwai na marehemu mke wake, akabatizwa mwaka huo huo, na waliokua naye wanamkumbuka kama mtoto aliyependa sana kufundisha wenzake, hata mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajayajua, na wako hapa watu wenye makovu ya magoti kwa sababu Ngatia aliwafundisha kuendesha baiskeli kabla hajawahi kuipanda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, akachuma kahawa ya baba kwa miaka kadhaa huku akinung'unika, kisha akapelekwa Naivasha kusomea mambo ya maziwa, akarudi Desemba 1984 na cheti ambacho mama alikitundika ukutani juu ya picha ya harusi yake mwenyewe.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na Gladwell Gaceri, binti wa Mzee Thuranira wa Nkubu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Judy, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1992, ambaye ni mwalimu Nanyuki, na Muchiri, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1996, ambaye ni fundi wa stima Karatina, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulala njaa au kukosa karo, jambo ambalo marehemu alijivunia bila kificho.

Sasa tumefika kwenye kazi, mahali ambapo marehemu alituagiza tusipite mbio.

Aliajiriwa Januari 1985 kama mpimaji wa maziwa, akapanda cheo baada ya cheo, hadi tarehe 1 Julai 2009 alipofanywa meneja wa ushirika wa maziwa upande wa Mweiga, ambao wengi wenu ni wanachama wake, na mwaka 2011, kwa kutaka kuwaheshimu wazee walioanzisha ushirika huo, akapitisha agizo kwamba lori lichukue maziwa yao kwanza kila asubuhi kabla ya ya mtu mwingine yeyote, na mkutano mzima ukapiga makofi, kwa maana ni nani angesimama aseme wazee wasitangulie?

Wazee wale walikuwa wakikaa karibu kabisa na kiwanda, kwa hivyo lori lilipakia mikebe yao, likapanda nayo hadi mpakani mwa msitu, likizunguka shamba kwa shamba, kisha likateremka jua likiwa limeshapanda, na kila kiangazi cha Januari na Februari mikebe ya wazee ilifika ikiwa imechacha, ikarudishwa, na hakuna aliyeshuku safari ile, kwa sababu kila mtu alijua kwamba maziwa ya karibu ndiyo mabichi.

Marehemu aliamini kwamba shida ni mikono ya waoshaji, basi kila mwezi wa tatu akawakusanya wale akina mama wanaoosha mikebe, akawafundisha upya maji ya moto, sabuni, burashi na kuanika, na kila mara wiki chache baadaye mvua ya Aprili ikanyesha, hewa ikapoa, maziwa yakatulia, naye akawaambia wakurugenzi kwamba mafunzo yamefanya kazi, na kiangazi kiliporudi na uvundo wake alisema akina mama wamesahau, akaita mafunzo mengine, hata wengine wakawa wanaweza kuyatoa wao wenyewe wakiwa wamesinzia.

Miongoni mwa akina mama hao alikuwemo Waridi Shakir, na kwa kuwa hakuna aliyemshinda usafi, marehemu mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mikebe ya wazee, lakini kwa kuwa mikebe iliyochacha ilikuwa daima ni hiyo, lawama yote ikamwangukia yeye, na tarehe 24 Februari 2018, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, marehemu aliinua mkebe mbele ya wanachama, akaupitisha uvundo wake puani mwa mstari wa mbele, akasema, "Huyu mama tumemfundisha mpaka tumechoka," akamfukuza kazi palepale, na watu wakacheka, na baadhi yenu mliocheka mmeketi hapa leo.

Mama Waridi alihamia Gatitu kwa dada yake, akatafuta kazi ya kufulia watu nguo, na sifa yake ilikuwa imemtangulia huko, akaulizwa na wateja kama ni yule wa mikebe, na zaidi ya mlango mmoja ukafungwa kwa sababu hiyo.

Januari 2021 lori la ushirika liliharibika, likakodishwa la mtu anayekaa juu kabisa karibu na msitu, na kwa kuwa lori lililala kwake likawa linaanzia kwake, likishuka na kumalizia kwa wazee, na wiki kadhaa za jua kali zikapita bila mkebe hata mmoja kurudishwa, ingawa waoshaji walikuwa walewale na mafunzo ya mwaka huo yalikuwa bado, na lori la ushirika lilipotoka gereji kiangazi kikiwa bado na kurudia njia yake ya zamani, maziwa ya wazee yakachacha wiki ileile, ndipo marehemu akaelewa kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba nguo yenyewe alikuwa ameishona yeye.

Laiti angesema siku ile, lakini hakusema, bali aliigeuza njia ya lori kimyakimya akisingizia ubovu wa barabara, na alipokaribia kustaafu wanachama walipompa blanketi na mtamba kwa kuwa mwalimu hodari wa usafi, alivaa blanketi, akapokea kamba ya mtamba, akapigwa picha akitabasamu, na tangu siku mtamba yule alipozaa na kuanza kukamuliwa, marehemu alikunywa chai ya rangi, mkewe akidhani ni tumbo, kumbe ilikuwa aibu.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2021, na mwezi wa nane mwaka jana, baada ya madaktari kumwambia kwamba ana saratani ya koo, alikwenda Gatitu, akasimama mlangoni kwa Mama Waridi, akaomba msamaha, na yule mama, mikono ikiwa na povu, akamjibu, "Mzee, mimi ulinifukuza mbele ya watu, sasa unakuja kuniomba msamaha hapa kwa mlango? Enda useme pale ulisemea."

Alitaka kusema kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu, lakini sauti ilimkauka kabla mkutano haujafika, na kwa kuwa hangeweza tena kusema, alituandikia kwamba isemwe siku ya mazishi yake, kwa maana hapo ndipo wanachama wengi watakapokuwa wamekaa pamoja, na hatutaficha kwamba nyumbani tulizozana, wengine wetu tukisema aibu ya maiti aijuaye mwosha na iishie hapo, mpaka Mama Judy alipogonga meza na kusema hatamzika mumewe na jina la mwanamke mwingine mfukoni.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali moja mjini Nyeri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa hapa na wa Mweiga waliopika, waliochota maji na waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa ushirika na uongozi wao, na Mama Waridi Shakir, aliyekubali kuja bila kutuahidi kitu, na hatumwombi ajibu neno.

Na haya ndiyo aliyotuagiza, nasi tunayasema macho yetu yakiwa chini: Waridi Shakir aliosha mikebe vizuri siku zote, ilikuwa safi alipoikabidhi, na maziwa yaliharibiwa na agizo la meneja, ambaye alijua na akanyamaza.

Ngatia, mwana wa mama, tumesema mbele ya watu. Sasa lala kwa amani.