Mgomba Tuliomzikia Barasa

Bwana asifiwe, kanisa! Hiyo imelala, ndugu zangu. Asifiwe tena! Leo sikuja kuwafurahisha. Nimekuja na shukrani na hasira pamoja, na zote Yesu anazijua.

Mimi ndiye Mama Wafula wenu wa Kipsongo, yule anayeuza samaki wa omena kando ya njia. Lakini zamani nilikuwa na boma mlimani, upande wa Kapsokwony. Mume wangu Barasa alilima vitunguu na migomba. Sisi Wabukusu, jirani yetu Mama Chebet ni Msabaoti. Mwanangu Wafula alikula kwake, wake wakala kwangu, na hakuna aliyeuliza ugali ni wa kabila gani.

Msidanganywe ati watu waliamka tu asubuhi wakachukiana! Mzungu alifukuza watu kwenye mashamba mazuri ya hapa Kitale, akawasukuma huko juu. Alipoondoka, wakubwa wetu wenyewe wakajigawia hayo mashamba, wakatuachia vipande tugombanie. Kila wakati wa kura walikuja na magari, wakawaambia vijana kwamba sisi ni madoadoa. Ukishamwita binadamu doa, kazi iliyobaki ni kumpangusa.

Wakampangusa Barasa wangu! Vijana wenye bunduki walimtoa shambani mchana, mimi nikimenya viazi, na sijamwona hadi leo. Nyumba ikachomwa. Nikashuka mlima na Wafula mgongoni. Na Mama Chebet je? Mume wake, Ndiwa, alichukuliwa baadaye na wanajeshi wa serikali, ati wao wanaleta amani, na yeye pia hajarudi. Amani gani hiyo?

Ndugu zangu, kwetu mtu asipozikwa, mke wake si mjane. Hanyolewi nywele, haombolezewi. Kwa wakwe zangu Bungoma waliniambia, "Si labda ameoa huko Uganda?" Ofisini nikaulizwa, "Mwili uko wapi, mama?" Mimi ndiye wa kuulizwa! Desturi inaruhusu kuzika shina la mgomba badala ya aliyepotea, lakini nilikataa. Mgomba wa kuokota tu haungelala kwa jina la Barasa. Wafula akakua, akataka kuoa, wazee wakasema hawaendi kuposa kabla baba hajazikwa. Niligombana na Mungu, kusema ukweli.

Basi mwezi uliopita pikipiki ilisimama mlangoni kwangu. Mama Chebet akashuka, na shina la mgomba limefungwa nyuma kwa mpira.

"Mama Wafula," akasema, "huu ni wa Barasa. Ule alipanda karibu na choo. Moto ulichoma yote, lakini ukamea tena. Mimi nimekuwa nikipalilia."

Nililia mpaka majirani wakaja kuuliza kama tumefiwa. Si tulikuwa tumefiwa kweli? Haleluya!

Tukauzika Bungoma, umefungwa blanketi. Mheshimiwa mmoja akaja bila kuitwa, akashika kipaza sauti. "Akina mama, hayo mambo tusahau, tusonge mbele." Mimi ambaye hutetemeka hata kusoma tangazo hapa, nilimnyang'anya hicho kipaza sauti! Nikamwambia, "Neno madoadoa nililisikia kwa mdomo wako. Kaa chini, tunazika." Akakaa, bana! Nikaita jina la Barasa. Nikaita na la Ndiwa. Kisha wakaninyoa nywele, nikawa mjane. Mnashangaa mtu kushukuru kwa kuwa mjane? Nilishukuru! Bwana alinifungua siku ile.

Ati nimesamehe? Bwana ananisaidia kidogo kidogo. Lakini kunyamaza, hapana. Yeye aliyeusikia mlio wa damu ya Habili hakumwambia mtu asahau.

Jumamosi tunapanda Kapsokwony kumwombolezea Ndiwa. Kwao hawaziki mgomba, lakini mke wake anataka jina litajwe mbele ya watu. Mtumainini Bwana, mje.

Na Mama Chebet yuko hapa leo. Yule pale nyuma, mwenye kitambaa cha kijani. Nimemtazama tangu ibada ianze, watu mmebanana huku mbele, na benchi lake ni yeye peke yake. Kanisa! Mmesikia ni Msabaoti mkahama?

Leo hakuna kuitwa mbele. Inukeni, mwende mkae na yeye.