Madume wa Maji ya Moto

Treni ilitoka Mymensingh, na Kanchon, muuza vifaranga wa samaki, hakuutoa mkono kwenye sufuria yake kubwa. Aliyapiga maji bila kukoma ili vifaranga wa sato wapate hewa. Jorina, aliyekaa mkabala naye, alisikiliza huku akiwaza bwawa lake. Mwaka jana majike walizaa mle mpaka pakajaa visamaki vya ukubwa wa kidole. Mumewe alikuwa amesema yakitokea tena, bwawa analifukia.

"Hawa wengi ni madume," Kanchon alimwambia mzee Altaf, abiria wa pembeni yake. "Tangu watotolewe nimewalea kwenye maji ya moto."

"Umewalea au umewapika?"

"Maji ya kuoga, mzee, si ya kupikia wali. Wakiwa wachanga hivyo, joto ndilo linaloamua. Na dume hukua upesi, maana chakula chake hakiishii kwenye mayai."

"Ningejua, mke wangu ningemwogesha maji ya moto. Tuna mabinti sita!"

Behewa lilicheka. Mke mwenyewe hakuwepo kujitetea.

"Kwa hiyo majike hamna kabisa?" Altaf akamchokoza.

"Wamo wachache. Anayekuahidi madume watupu anakudanganya."

Jorina alimtazama upya. Muuzaji wa mwaka jana alimwapia kwamba hamna jike hata mmoja.

Treni iliposimama Gafargaon, Kanchon alishuka na sufuria yake. Jorina alikuwa hajafika kwake, lakini alinyakua mfuko akamkimbilia.

"Kaka, subiri! Hao wachache nitawatambuaje?"