Babu Yangu Kwenye Kozi ya Mwaka wa Pili

Jiwe la kwanza lilitua juu ya bati usiku wa manane, paa! Nikadhani ni paka, kisha la pili, kisha mtu akakimbia akipiga kelele, "Mjukuu wa msaliti!", mtoto akaamka analia, nikamfunika kwa mwili wangu mpaka kukapambazuka, maana mume wangu yuko mbali kikazi na majirani hakuna aliyefungua hata dirisha. Asubuhi mama mwenye nyumba akanisubiri mlangoni. Mwanangu, akasema taratibu, bati langu jipya, likija jiwe jingine utafute pa kwenda. Nikabeba mtoto mgongoni, birika mkononi, nikaenda kijiweni ninapouza kahawa, kwenye benchi nje ya duka la Kinyozi, kwa sababu maneno hayo yalianzia hapo hapo, kwenye vikombe vyangu. Tulipokwisha kumzika babu aliyenilea, alikuja kijana wa chuo kikuu anayesoma historia, mimi siku hiyo nilikuwa kliniki na mtoto, akaweka simu irekodi katikati ya benchi, akawauliza wazee habari za mgomo wa kiwanda cha nguo, ule wa zamani ambao askari waliingia usiku na watu wakafa. Babu alikuwa mlinzi wa lango. Wazee wakamwambia kijana kwamba babu ndiye aliyewafungulia askari lango. Sasa habari hiyo inafundishwa chuoni, mtoto wa jirani ameisoma darasani, akarudi nayo mtaani.

— Mama, mbona macho mekundu? Moshi? Kinyozi akauliza.

— Mawe. Nimetupiwa mawe, kwa yale mliyomwambia yule kijana.

Redio, aliyewahi kufuma nguo kiwandani na tangu hapo hajanyamaza, akajipiga paja.

— Kumbe imefika mbali! Mnasikia? Tumo kwenye kozi! Mwaka wa kwanza wanasoma mambo ya Ulaya huko, sijui wafalme, sijui mashine za mvuke. Mwaka wa pili ndiyo Historia ya Kazi na Wafanyakazi. Humo ndimo tulimo sisi.

— Na ni ya lazima, akasema Wakili, ambaye alifagia mahakama mpaka akastaafu. Asiyetufaulu sisi haendi mwaka wa tatu.

— Mzee Redio, nimesema mawe.

— Nimesikia, mwanangu. Lakini historia haimwonei mtu. Penye wazee haliharibiki neno.

— Ulimwambia nini hasa?

— Nilisema tu alipewa baiskeli. Mgomo haujapoa, jamaa ana baiskeli mpya. Ya nini?

— Baiskeli! Wakili akacheka. Baiskeli ilikuwa kifuniko. Alipewa kiwanja.

— Kiwanja gani? Alikufa kwenye chumba cha kupanga, mimi nikiwa nimemshika mkono.

— Ndio ujanja wenyewe! Mtu mwenye kiwanja cha siri anapanga chumba maisha yake yote ili asijulikane. Ushahidi ndio huo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nyinyi mnacheza, akasema Kinyozi, wembe mkononi. Mimi nilikuwa namnyoa. Kisogoni alikuwa na kovu. Lile si kovu, ile ni alama wanayotiwa majasusi wakihitimu. Alitumwa kutoka nje aje akae langoni kabla kiwanda hakijajengwa.

— Alikaa langoni pa kiwanda ambacho hakipo?

— Ukiona vyaelea, mama, vimeundwa.

Nikamwaga kahawa nje ya kikombe, nikasema kwa haraka kabla woga haujanirudia:

— Alikaa hapa na nyinyi. Hapo, ubavuni kwako, Wakili, kila siku mpaka alipougua akalala kitandani. Mbona hamkumwuliza yeye?

Wakili akapuliza kahawa yake.

— Utamwuliza mtu hayo huku anakunywa kahawa yake? akasema Redio. Si adabu.

Hapo akaja msichana mgeni, mkoba begani, akaamkia wazee mmoja mmoja. Akasema yuko mwaka wa pili, anasoma historia, mhadhiri amewagawia kila mmoja simulizi moja aifuatilie ilikotoka. Redio akasogea ampishe.

— Karibu, mjukuu wangu! Unataka ya baiskeli au ya jasusi?

— Nina swali moja tu, babu. Kati yenu, nani alimwona akifungua lango?

Redio akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Kinyozi. Kinyozi akafuta wembe uliokuwa safi.

— Mimi wakati ule sijahamia huku, akasema.

— Zamu yangu ilikuwa ya mchana, akasema Redio, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Lakini lisemwalo lipo.

— Nani alilisema kwanza?

Msichana akaweka simu yake juu ya benchi.

— Basi semeni hivyo tu, kwamba hamkumwona. Itawekwa pamoja na rekodi ya kwanza, na darasa zima litasikia.

Nikaweka birika chini. Nikawaambia, babu zangu, neno moja tu, hatukumwona, basi, nina mtoto, sina pa kwenda.

— Tukisema hatukuona, akasema Redio, vijana wote wale watatuita waongo. Mtaani tutapita wapi?

— Na mimi napita wapi?

— Kisheria, kauli ya kwanza ndiyo kauli, akasema Wakili.

Kinyozi akasema ana mteja, akaingia dukani. Kiti chake cha kunyolea kilikuwa kitupu.

— Dada, wewe ni nani yake? msichana akaniuliza.

— Mjukuu wake.

— Alikusimulia nini?

— Hakunisimulia. Na mimi sikumwuliza.

Akachukua simu yake, akaifuta vumbi kwa kiganja.

— Nitaandika kwamba hawakujibu, akasema. Lakini sauti zao ndizo zinazochezwa darasani.

Akaenda zake. Mtoto akaanza kulia mgongoni, na mimi nikashindwa kujizuia, nikalia naye pale pale. Redio akaninyooshea kikombe chake nimwongezee, kisha akanishika bega kama mzazi.

— Nyamaza, mwanangu. Sisi si watu wabaya. Kuanzia leo, haki ya Mungu, habari hii hatumwambii mtu mwingine.