Mkurugenzi wa Uchongaji

Benchi lenyewe ni taruma, gogo la njia ya reli, lililolazwa juu ya matofali, huko Umoja, pale duka la mwisho linapotazamana na lango la ofisi ya chifu. Okoth ndiye aliyelileta. Alilibeba begani peke yake kutoka Makadara, mvua inanyesha, askari wa reli wanamfukuza na mbwa watatu. Ndivyo asemavyo Okoth. Wapo wanaosema liliachwa hapo na watu wa kuchimba mtaro, lakini hao ni watu wa wivu na hawajawahi kubeba chochote. Kila Jumamosi asubuhi mzee Qorane huweka birika lake la kahawa chungu upande mmoja, na upande wa pili huketi Okoth, karani wa stoo ya reli, ambaye mtaa mzima humwita Katibu kwa sababu yeye ndiye huwajazia fomu watu wasiojua kusoma. Hatozi kitu. Hunywa kahawa yao tu, na kuwaelimisha. Jumamosi hii ya mwaka wa themanini na nne, mwaka ambao mvua ilikataa na unga ukawa wa kupigania madukani, Katibu alikuwa akieleza jinsi alivyowahi kumrekebishia mzungu hesabu ya misumari, alipomwona Mativo akivuka barabara kutoka kwa chifu na karatasi mkononi. Hadithi ikamkauka mdomoni. Karatasi ilikuwa na maandishi mekundu.

Mativo ni mchongaji wa vinyago, mrefu, mweusi, wa maneno machache. Watu humwita Mpingo. Tangu mwezi uliopita, chumba chake kimoja kilikuwa kinalala watu wanane. Mama yake, dada yake na watoto wa dada walikuwa wametoka Kitui baada ya kumzika ng'ombe wa mwisho. Ndiyo maana aliomba mahindi ya msaada, yale ya manjano kutoka ng'ambo, ambayo hupewi mpaka fomu yako ikubaliwe. Na orodha ilikuwa inafungwa leo, saa saba.

– Katibu, nisomee hii. Karani amenitupia tu, hata hakuniangalia.

Okoth aliinyakua kabla Nalianya, aliyeketi katikati yake na mzee, hajanyoosha shingo. Aliisoma mara moja, akaikunja mara nne, akaibana kwapani.

– Wanasema mahindi yamekwisha.

– Yamekwisha?

– Yamekwisha, ndugu yangu. Imeandikwa hapa kwa lugha ya heshima sana.

Haikuwa imeandikwa hivyo. Ilikuwa imeandikwa: Imekataliwa, mwombaji ana biashara na mapato ya kutosha. Na juu ya wino huo mwekundu kulikuwa na wino wa buluu wa Okoth mwenyewe, ule mwandiko wake wa mikia na mapambo. Kazi: Mkurugenzi wa Uchongaji. Mali: Stoo ya vinyago mia mbili. Mapato: Ya kuridhisha. Alipokuwa akiyaandika wiki iliyopita aliyaona mazuri mno. Alijiambia kwamba mtu akienda kwa serikali kama ombaomba atafukuzwa kama ombaomba, lakini akienda kama mtu, atapewa kiti. Stoo ilikuwa ya Walter, tajiri mwenye karakana anamochongea Mativo. Lakini vinyago si ni Mativo aliyevichonga?

– Yamekwisha! Nalianya alipiga kofi paja lake. Mimi nilisema. Si nilisema?

Nalianya anasoma mita za maji za kaunsili. Ameongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yake na kuvipangisha, na tangu hapo jina lake ni Landilodi na ushauri wake hauna mwisho.

– Ulisema nini wewe? aliuliza Okoth, akifurahi kwamba kuna mtu wa kugombana naye.

– Nilisema mtu asingojee serikali. Mimi nilikuja Nairobi na kaptula moja. Moja! Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, jioni, na nilikuwa nakula nimesimama, maana ukikaa unaongeza. Leo nina vyumba.

– Una vyumba kwa sababu kaunsili inakulipa ukilala, inakulipa ukiumwa, na nyumba walikupa wao.

– Sikupewa! Nalipa kidogo kidogo kila mwezi.

– Na mkopo ni wa nani? Wa mama yako?

– Mama yangu umwache Bungoma, Katibu. Nasema hivi: huyu Mpingo ana mikono. Aongeze bidii. Akichonga ndovu wawili kwa siku, achonge wanne.

Mativo aligeuza kichwa polepole.

– Umewahi kuchonga ndovu, Landilodi?

– Siyo kazi yangu.

– Masikio yake ukiyaharakisha, yanapasuka. Akipasuka halipwi, na bei ya lile gogo unakatwa wewe. Nikichonga wanne, wawili wanapasuka. Hapo nimefanya kazi mchana kutwa ili nidaiwe.

Qorane alimwaga kahawa katika vikombe bila kuulizwa. Mzee huyu alikuwa mfugaji kule Isiolo kabla ya kuwa muuza kahawa, na njaa aliijua kama wengine wanavyoijua redio.

– Mimi nasema si kwamba yamekwisha, alisema. Haya mahindi ya rangi ni ya ng'ombe wa kule ng'ambo. Wale ng'ombe wamegoma kuyala. Sasa wakubwa wameona aibu kutupa sisi chakula ambacho ng'ombe amekataa, wanasema yamekwisha.

– Aibu? Okoth alicheka kwa hasira. Wakubwa? Mzee, wewe hujui hii Nairobi. Mahindi hayo yako kwa kuku. Kuku wao! Wewe angalia mayai ya siku hizi, kile kiini cha ndani kimekuwa manjano kama koti la mvua. Ulidhani ni nini? Tajiri anakula mahindi yako kupitia kwa kuku, na wewe unaambiwa usome gazeti ujue bei.

– Sema, Katibu! aliitikia Qorane.

– Nitasema! Na hiyo mishahara, mnadhani ni kidogo kwa bahati mbaya? Iko mashine mjini, ghorofa ya juu kabisa, mimi nimepanda mpaka mlangoni nikiwa na barua ya reli. Inapima matumbo. Inaambiwa: mpe huyu kiasi ambacho Jumatatu atafika kazini, lakini Jumanne akitaka kupiga kelele, sauti haitoki. Ukiongezwa kikombe kimoja tu cha unga, kengele inalia! Tajiri anapigiwa simu. Na serikali inaambiwa, ninyi wapeni mahindi kidogo pale tumbo linapopungua, ili sisi tusiongeze mshahara. Kwa hiyo msaada si wa Mativo, msaada ni wa tajiri wake! Serikali inamlisha tajiri kwa mdomo wa mtu mwingine!

Hata Nalianya aliacha kutikisa kichwa, maana katika uongo ule kulikuwa na kitu kilichomkwaruza. Okoth mwenyewe alikisikia pia, na angekifuata, lakini karatasi ilikuwa inamchoma kwapani.

– Kwetu njaa ya mwaka huu wameipa jina, alisema Mativo. Wanaiita nakufa nimeshika. Maana mtu ana pesa mkononi na dukani hakuna cha kununua. Akaangalia viganja vyake vilivyojaa makovu ya tezo. Mimi hata sijashika. Natoka nyumbani kabla jua halijatoka, narudi limeingia, siku sita, Jumamosi tu ndiyo yangu. Mama yangu jana ameniuliza, hivi huko unakokwenda kila siku, wanakufanyia nini?

– Ukamwambia nini? aliuliza Qorane.

– Nilimwambia kuna mahindi yanakuja Jumamosi.

Okoth aliisukuma karatasi ndani zaidi ya kwapa. Alijiambia atasema sasa hivi, wakishamaliza tu hiki kikombe. Hapo ndipo Adoyo alipotoka katika lango la chifu, amejitwika mfuko kichwani, akaja moja kwa moja akautua kwenye benchi ili apumue. Alikuwa msichana wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini, amehamia nyumba ya pembeni wiki iliyopita, na hakuna aliyemjua zaidi ya salamu.

– Hamjambo, wazee. Samahani, nitapumzika kidogo. Si yangu haya, ni ya mama Nthoki jirani yangu, miguu inamsumbua.

Mfuko ulikuwa umetoboka pembeni. Punje tatu za manjano zilidondoka juu ya taruma.

Mativo aliziangalia.

– Umeyatoa wapi?

– Hapo kwa chifu.

– Yamekwisha.

– Yamekwisha wapi, baba? Magunia yamefika darini. Karani anayakalia kama kiti.

Mativo hakupandisha sauti. Alinyoosha tu mkono kwa Okoth, na Okoth akaitoa karatasi kwapani ikiwa imelowa jasho. Mativo akampa Adoyo.

– Nisomee, dada. Yote. Na ya juu na ya chini.

Adoyo akasoma. Alisoma kwa sauti ya ofisini, bila kujua anakata nini. Alipofika Mkurugenzi wa Uchongaji, Nalianya alipaliwa na kahawa. Alipofika Ya kuridhisha, hata Qorane aligeuka kutazama barabara.

– Katibu, alisema Mativo. Uliniandika mkurugenzi?

– Mpingo, sikia...

– Stoo ya Walter uliniandika yangu?

– Ningeandika nini? Okoth alisimama, mikono hewani. Ningeandika kwamba mtu ninayekunywa naye kahawa ni fukara, hana mbele wala nyuma, aonewe huruma? Ile fomu inataka ujivue nguo mbele ya karani mdogo kama yule! Nilikuvalisha, ndugu yangu! Nilikuvalisha!

– Mama yangu atakula nguo?

– Na kisha ukamdanganya yamekwisha, alisema Qorane, taratibu. Wallahi, Katibu, tumekaa hapa tumetukana dunia nzima, na wewe umeibana hapo kwapani.

– Sasa mnaona! Nalianya alipata nguvu. Hii ndiyo nasema kila siku. Si serikali, si tajiri. Ni mtu na mtu wake!

– Wewe nyamaza! walimwambia wote watatu kwa pamoja.

Adoyo aliangalia saa yake.

– Wazee, mtagombana baadaye. Bado nusu saa. Mimi ninayo fomu nyingine, ile ya kwanza ya mama Nthoki niliiharibu, nikapewa mbili, moja imebaki. Hebu tuijaze upya.

Akaketi, akaikunjua fomu juu ya goti, akatoa kalamu. Jina akaandika. Umri, Mativo alikadiria. Watu nyumbani, wanane. Kalamu ilikuwa inakimbia na benchi lote likaanza kupumua tena. Qorane hata alimwekea kikombe bila malipo, jambo ambalo halijaonekana tangu Uhuru.

– Kazi, alisema Adoyo. Hapa kuna visanduku vitatu. Ameajiriwa, amejiajiri, hana kazi. Nitie alama wapi?

– Ameajiriwa, alisema Okoth haraka, akitaka kurudisha heshima yake. Kwa Walter, karakana ya vinyago.

– Basi hapa chini wanataka barua ya mwajiri.

– Hatoi, alisema Mativo. Niliomba. Walter anasema yeye hana wafanyakazi hata mmoja. Anasema yeye ananunua tu vinyago, na sisi ni wafanyabiashara tunaomuuzia. Nikimwita mwajiri anafunga lango nisirudi tena.

– Basi amejiajiri, alisema Nalianya.

– Kujiajiri gani, Landilodi? Gogo ni lake. Tezo ni yake. Bei anaweka yeye. Asubuhi anapiga kengele, ukichelewa unakuta lango limefungwa. Umeona wapi mfanyabiashara anapigiwa kengele?

– Na akiandika amejiajiri, alisema Adoyo, watamwambia ana biashara, kama walivyosema mwanzo.

– Andika hana kazi, alisema Qorane.

Mativo aligeuka kwa ghafla hivi kwamba kahawa ya mzee ilimwagika.

– Hana kazi? Siku sita? Angalia hii mikono, mzee! Na karani anajua naamkia kazini kila siku! Atanifungia kwa uongo!

– Basi useme wewe, mwanangu.

– Mimi sijui! Ningejua ningekuwa hapa?

Kalamu ya Adoyo ilikuwa imesimama juu ya visanduku vile vitatu, haishuki. Alimtazama Nalianya. Nalianya akaanza kufuta vumbi kwenye kiatu. Akamtazama Qorane, na Qorane akainamisha birika katika kikombe ambacho kilikuwa kimejaa tayari. Okoth alikuwa anatafuta. Alitafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta neno lolote, akapitia vyeo vyote vya reli, kuanzia mfagiaji mpaka meneja mkuu, na hakuona hata kimoja cha mtu anayefanya kazi ya mwingine kwa saa za mwingine katika nyumba ya mwingine, na bado haajiriwi na yeyote.

– Hamjui kazi ya mtu mnayekaa naye? aliuliza Adoyo. Hakuuliza kwa dharau. Alitaka tu kujua.

Mativo alichukua kalamu kutoka vidoleni mwake, akaiweka mkononi mwa Okoth, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja.

– Wewe ndiwe Katibu. Weka.

Okoth akainama juu ya fomu. Ng'ambo ya barabara askari wa chifu alikuwa ameshaondoa jiwe lililozuia lango, na lango lilikuwa linasogea kufungwa.

– Weka, Okoth, alisema Mativo. Wapi?