Shukrani kwa Niaba ya Wageni

Kila asubuhi muuguzi husinzia kwenye basi hadi hospitali, na hajawahi kupitiliza kituo. Leo usingizi ulikatizwa na wanawake wawili waliokaa nyuma yake.

“Kesho manispaa inatupa tuzo, mdogo wangu,” alisema mmoja, mratibu wa darasa la jioni linalowasaidia wahamiaji kujifunza lugha na maisha ya mji. “Wewe utatoa shukrani kwa niaba ya wageni.”

“Tafuta mwingine, dada,” alijibu mwenzake, fundi cherehani, pini bado zimechomekwa kwenye kola yake.

“Aibu ya nini? Maneno mawili tu. Umesahau ulivyofika hapa, hata kuuliza choo hujui?”

“Niliuliza kwa mikono, mkanionyesha.”

Muuguzi alibana kicheko. Aliendelea kujifanya amelala, kazi ambayo ni ngumu kuliko kulala kwenyewe.

“Sasa umenuna nini? Tuzo si yetu sote?”

Fundi alikunja ratiba ya sherehe, akaikunjua, akaikunja tena. Basi lilisimama mbele ya hospitali. Muuguzi aliinuka polepole kuliko kawaida yake.

“Miaka sita nafundisha darasa lile,” fundi alisema hatimaye. “Wanaokuja nawapeleka kliniki, nawaandikishia watoto shule. Humu kwenye ratiba walimu mmewataja wote, mimi mmeniandika mgeni. Nitasimama, dada, lakini niiteni mwalimu.”