Mgeni Namba Arobaini

Benchi lile lilikaa chini ya dirisha la kampuni ya mizigo, miguu mitatu ya mbao, wa nne tofali. Wenyewe walikuwa watatu: Mzee Redio, aliyetengeneza redio mpaka redio zikamchoka, Kinyozi, ambaye kiti chake cha kazi kilikuwa hatua tano tu kutoka hapo na kwa kawaida hakina mtu, na Mama Birika, mmiminaji wa kahawa. Asubuhi hiyo Spidi, fundi wa mtandao wa kampuni, alitoka mlangoni mbio, mikono juu. Kwa mara ya kwanza mkuu wake alikuwa amemwachia peke yake swichi, kile kisanduku kinachounganisha mtandao wa matawi yote. “Ukiliunganisha tawi jipya salama, wewe ni fundi kamili,” alimwambia kabla ya kusafiri. “Ukivuruga, unarudi kuvuta waya darini.” Spidi alilijua lile dari, joto lake na mende wake.

— Linapaa! Jamani, tawi jipya linapaa! Mama, wamiminie wote!

— Linapaa kwenda wapi? akauliza Mzee Redio.

— Mtandao, mzee wangu! Matawi yote yanapita mlango mmoja mkubwa wa swichi, kila tawi na namba yake. Nimeufungua mlango mpaka kasi ya giga kumi, halafu nikamwandika mgeni kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupita. Namba arobaini. Picha hii hapa, nampelekea mkuu.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ilikuwa picha ya skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa maandishi, nao wakaitazama kama mtoto mchanga, wakisifu wasichokijua.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kinyozi akainua kikombe.

Spidi hajameza funda la pili, simu ikalia. Tawi la sokoni limekatika. Ikalia tena: tawi la stendi. Ya tatu aliogopa kuipokea. Dirishani foleni ya kaunta ilishaanza kunung'unika, na lile dari akaliona waziwazi.

— Ni mawingu hayo, akasema Mzee Redio.

— Mzee, waya wetu umefukiwa ardhini.

— Basi ni mawingu ya ardhini. Usibishe, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wako kasafiri, kwa hiyo guu halina mwenyewe.

— Mawingu wapi! Kinyozi akasimama. Ni hizo giga kumi. Mizigo inafika kabla haijatumwa! Wale kule wanasubiri kitu kilichokwisha kupita.

— Kimepita kikaenda wapi? akauliza Mzee Redio.

— Tawi jipya! Limemeza vya wenzake, ndiyo maana linapaa. Haba na haba hujaza kibaba!

— Sasa tufanyeje?

— Tulipunguze. Pembeni kidogo, na kisogoni.

— Hamjui kitu, akakata Mama Birika. Matawi yamesusa. Kitinda mimba kapewa mlango wazi, wakubwa hawakuambiwa hata neno. Mimi ninao wanne, nayajua hayo.

Spidi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Waya alishaupapasa, taa ya mlango ilikuwa ya kijani, kasi ni ileile aliyoipanga. Alikuwa amekosea wapi?

Hapo akatoka mwanamke mmoja kwenye foleni, risiti mkononi, vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi.

— Samahani kaka, kaunta wanasema fundi yuko huku. Madaftari ya watoto wangu hamsini na wawili yako humo ndani.

— Vuta subira, mwalimu, kuna wivu wa matawi, akaeleza Kinyozi, akaichukua simu ya Spidi na kumpa aone ushahidi.

Mwalimu akaisoma picha kwa kidole, kama anasahihisha.

— Hii ndiyo orodha ya wanaoruhusiwa kupita?

— Ndiyo.

— Mbona ina arobaini peke yake? Hao wengine umewaandika wapi?

Spidi akainama, akausoma ule mstari upya. Hakuiambia swichi iongeze namba. Aliipa namba moja, na swichi, mtiifu kuliko askari, ikaifuta orodha ya zamani ikambakiza mgeni peke yake. Akatupa kikombe, akakimbilia ndani.

Punde sauti yake ikapasua dirisha:

— Kumi, pita! Ishirini, pita! Thelathini, piteni wote na mgeni wenu!

Printa ya kaunta ikakohoa, foleni ikapiga vigelegele. Kinyozi akamkumbatia Mzee Redio, mwalimu akakumbatiwa na kila mtu. Spidi akatoa kichwa dirishani, jasho na meno nje, akaona simu yake inalia mkononi mwa mwalimu. Mkuu! Akaweka kidole mdomoni kuwaonya, lakini Mama Birika alishaipokea na kuweka sauti ya nje.

— Hallo! Fundi wako yuko kazini, baba. Mgeni kaingia salama, na wenyeji wote wamepona.

Mkuu akauliza kutoka upande wa pili:

— Wamepona? Kwani walikuwa wanaumwa nini?

Mzee Redio akatazama mawingu. Kinyozi akakumbuka ana kiti. Mama Birika akamtazama Spidi pale dirishani, kisha akaligeuza birika juu chini.

— Kahawa imekwisha, baba, akasema, akakata simu.