Pilika na Picha Zisizoonekana

Dada yetu, ambaye nyumbani na kazini alijulikana kama Pilika, alizaliwa tarehe 9 Mei 1981, mtoto wa pili kati ya wanne. Alizaliwa kwenye ngazi za hospitali, mama hajafika wodini. Marehemu baba alizoea kusema, "Huyu hakungoja hata mlango ufunguliwe."

Shuleni aliadhibiwa kwa kushindwa kukaa, si kwa ujinga. Alisomea kompyuta chuoni, akahitimu mwaka 2004, akaajiriwa hospitalini, kitengo cha eksirei.

Mwaka 2013 zililetwa kompyuta mpya zenye mfumo tofauti. Programu ndogo aliyoiandika ya kuorodhesha mafaili ya picha za wagonjwa ikaanza kuyaruka mengine, kimya kimya. Mzee mmoja, dereva wa lori, akaambiwa hana picha, aende nyumbani.

"Jana si mlinipiga picha, mwanangu?" aliuliza, mkono kifuani.

Pilika alikosa raha. Alizunguka korido, akala amesimama, akafuta na kuandika upya. Bosi wake akamwambia, "Zima uwashe, zitaonekana."

"Zimo humu humu, bosi. Ni sisi hatuzioni."

Ndipo akagundua: kompyuta za zamani hazikubagua herufi kubwa na ndogo, mpya zilibagua. Mtambo mmoja wa eksirei uliandika mwisho wa majina ya mafaili kwa herufi kubwa, na programu ilitafuta ndogo tu. Akairekebisha izikubali zote, picha zikajitokeza, naye akakimbia hadi kituo cha mabasi kumrudisha yule mzee. Picha ilionyesha pafu la mzee limejaa maji. Alitibiwa, akapona, na leo yuko nasi hapa.

Pilika aliolewa tarehe 6 Desemba 2008 na shemeji yetu, fundi umeme. Alipoposwa alijibu, "Sawa, ila tuongee tukitembea." Walijaliwa mabinti wawili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Kulazwa kulimchosha kuliko maumivu. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti mwaka huu mama alikuwa akienda na kurudi kando ya kitanda. Pilika akamshika kanga.

"Mama, kaa basi. Unanizidi hata mimi."

Mama akakaa, akamshika mkono. Muda mfupi baadaye dada yetu akafariki, mkono wake ungali mkononi mwa mama.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama na sisi ndugu zake watatu. Tunamwombea pumziko jema. Akishindwa kutulia hata huko, tutamwelewa.